Sikukuu Yenye Majina Manne

Hotuba iliyotolewa katika Bustani ya Jeevanjee, Nairobi, tarehe 10 Oktoba

Wazee wangu, akina mama, vijana mliokaa kwenye nyasi na nyinyi mliowahi viti, hamjambo? Habari za sikukuu?

Mmeitikia "njema", lakini wa nyuma kule nimewaona mkitazamana. Sikukuu ya nini? Basi tuanzie hapohapo.

Asubuhi nilipanda matatu kutoka Umoja. Makanga alikuwa akining'inia mlangoni, anaita, "Tao hamsini, leo ni sikukuu!" Mama mmoja aliyekuwa na kuku kwenye kikapu akamuuliza, "Sikukuu ya nini, baba?" Makanga akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani ambalo hakusoma. "Si ni Moi Dei?" Kijana aliyekaa nyuma akatoa kisikizi sikio moja, akasema, "Hiyo ilikufa kitambo. Siku hizi ni Utamaduni." Msichana wa dirishani hakugeuka hata: "Ni Mazingira. Walibadilisha 2024." Dereva, ambaye hakuna aliyemuuliza, akapunguza redio. "Mnabishana nini na barabara iko wazi?"

Tukanyamaza wote. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja pekee ambayo gari zima lilikubaliana nayo.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nimeshika chaki miaka 28, na ninakiri mbele yenu kwamba hakuna siku inayonisumbua kuifundisha kama hii. Madaraka nitakueleza. Jamhuri nitakueleza hata nikiwa na homa. Lakini tarehe 10 Oktoba ni kama yule jirani anayehama usiku kwa usiku akikwepa kodi: kila ukimkuta mtaa mpya ana jina jipya, ila koti ni lilelile.

Tazameni. Mzee Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, na siku hiyohiyo makamu wake, Daniel arap Moi, akaapishwa kuwa kaimu rais. Tarehe 14 Oktoba akaapishwa kuwa rais kamili. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza ukimwambia achague siku ya kuadhimisha uongozi huo, atachukua moja kati ya hizo mbili. Sisi tukapewa tarehe 10. Kumi ya mwezi wa kumi, inakaa vizuri mdomoni, sikatai. Tena ikawekwa siku kumi kamili kabla ya tarehe 20, Siku ya Kenyatta, ambayo ilikuwa ukumbusho wa Mzee kukamatwa na wakoloni 1952. Kwa hiyo kwenye kalenda, mtu aliyesema anafuata nyayo za Mzee alitangulia mbele ya Mzee kila mwaka. Sijui kama kuna aliyeona. Mimi niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na mshahara.

Halafu ikaja Katiba ya 2010 na panga lake. Kifungu cha 9 kikataja sikukuu tatu za kitaifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba. Siku ya Kenyatta ikavalishwa koti la mashujaa wote. Siku ya Moi haikutajwa kabisa. Tukasema imekwenda, Mungu ailaze pema, na tarehe 10 Oktoba tukawa tunaingia darasani kama kawaida, mwaka baada ya mwaka.

Kumbe marehemu hakuwa na cheti cha kifo. Novemba 2017, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu akasema hivi: Katiba haikuitaja siku hiyo, sawa, lakini Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, bado inayo kwenye jedwali lake, na Bunge halijaiondoa. Basi ni sikukuu. Mwaka uliofuata tukapumzika. Jamani, hebu ionjeni hiyo. Rais mwenyewe alikuwa ametoka Ikulu tangu 2002. Mapigo ya mizinga yalikuwa yamenyamaza, kwaya zimezeeka, mabango yamegeuzwa paa za mabanda ya kuku. Na siku yake ikafufuliwa na mstari mmoja wa sheria ambao hakuna aliyekumbuka kuufuta.

Hapo ndipo uhamaji ulipoanza. Mwishoni mwa 2019 baraza la mawaziri likataka iitwe Huduma Dei, na jina la Utamaduni lipewe tarehe 26 Desemba. Sijawahi kukutana na mtu aliyenitakia heri ya Huduma Dei. Mwaka 2021 Utamaduni ikahama kutoka Desemba ikaja kukaa Oktoba, na kwa kuwa tarehe 10 iliangukia Jumapili, tukapewa Jumatatu. Hilo ndilo fundisho la utamaduni tulilolishika vizuri. Kisha 2024 ikawa Mazingira, twende tupande miti, kwani kuna mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Majina manne. Hata konokono habadilishi nyumba hivyo.

Sasa niwaambie nilivyoijua mimi, kabla haijaanza kuhama.

Mwaka 1988 utawala wa Moi ulifikisha miaka kumi. Nilikuwa kidato cha pili. Shule yetu ilichaguliwa kuimba mbele ya mkuu fulani wa serikali, simtaji, na mwalimu wa muziki akatuandalia wimbo wa beti tisa. Katika kila ubeti jina la Rais lilitajwa mara mbili. Nilihesabu, kwa sababu mimi nilikuwa sauti ya tatu, na sauti ya tatu kazi yake ilikuwa kulirudia hilo jina tu. Tuliamshwa saa kumi ya usiku. Saa moja asubuhi tulikuwa tumepangwa kwenye lami, wafupi mbele. Jua likatoka, likapanda, likatukuta palepale. Viatu vyangu vilikuwa vya kaka yangu, na gundi ya kiatu cha kulia ikayeyuka, soli ikaanza kupiga makofi kila nikitembea: chwap, chwap. Saa saba mchana mgeni akafika. Tukaimba. Kwenye ubeti wa pili mtu wa itifaki akainua mkono, muda umekwisha, na tukaondolewa uwanjani kwa mwendo wa kijeshi. Soli ikabaki nyuma. Nimesikia mawaziri wengi wakieleza falsafa ya Nyayo, amani, upendo na umoja. Mimi naamini niliielewa kuwapita wote, maana unyayo wangu wa kulia ulikuwa juu ya lami ya saa saba.

Wakati ule kila kitu kilikuwa Nyayo. Uwanja wa Nyayo, mabasi ya Nyayo, wadi za Nyayo, mashamba ya chai ya Nyayo. Mwaka 1986 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliombwa watengeneze gari la Kenya, hata likiwa baya na la polepole, ndivyo inavyosimuliwa. Wakatengeneza matano ya majaribio, na ukweli usemwe, yalikimbia hadi kilomita 120 kwa saa, na mwaka 1990 yakazinduliwa Kasarani. Likaundwa na shirika la kuyatengeneza kwa wingi. Hayakutengenezwa. Barabara ikabaki kwa Datsun.

Na maziwa! Naona akina mama wa rika langu wameanza kutabasamu. Maziwa ya Nyayo yalianza 1979. Nilikuwa na miaka saba. Pakiti ya pembetatu, iliyochongoka kama sambusa iliyosimama. Hukupewa mrija. Uliuma pembe moja, ukahakikisha umeuma ile inayoelekea juu, maana ukikosea maziwa yote yanaishia kwenye shati na nyumbani utaeleza. Ukimaliza, unapuliza hewa pakiti ijae, unaiweka chini, unairukia kwa miguu miwili. Paaa! Shule nzima, paaa, paaa, mwalimu wa zamu anafukuza hajui amkamate nani. Nimekutana na watu waliofutwa kazi na serikali ile, watu ambao kaka zao walipotea, na bado ukitaja ile pakiti sauti zao zinalegea. Sijawahi kuamua kama hilo ni jambo zuri au ni la kutisha. Mtu anaweza kusamehewa mengi na mtoto wa miaka saba mwenye maziwa mdomoni.

Nasema la kutisha, maana kutoka hapa Jeevanjee, ukitembea dakika chache hadi Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, utalikuta Jumba la Nyayo. Nusu yenu mmepanga foleni pale ya pasipoti. Mmelalamika mashine imeharibika, picha imekataliwa kwa sababu umetabasamu. Chini ya foleni hiyo kuna seli. Kuanzia miaka ya themanini watu walishukishwa mle wamefungwa macho, wakafungiwa gizani, sakafu ikajazwa maji, wakaambiwa wakiri kuwa ni Mwakenya, kile kikundi cha siri kilichoipinga serikali. Februari 2003 seli zilifunguliwa umma ukaziona, na wengine wakarudi kujionyesha kona walizosimama. Hapo sina mzaha. Ila nawaambia tu, siku nilipochukua pasipoti yangu nilijikuta natembea taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala chini.

Turudi juu, kwenye jua.

Nyinyi mnaokaa hapa kila Jumapili mnajua kuwa bustani hii nayo ilikuwa na mkubwa wake. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi aliyeianzisha bustani hii, alitoa sanamu ya Malkia Victoria, ikazinduliwa 1906. Akasimama hapa karne nzima na ushei akiwatazama wahubiri, wauza njugu na wanasiasa wasio na viti. Mwaka 2015 watu wakamwangusha na kumkata kichwa. Lord Delamere, mkubwa wa walowezi wa Kizungu, yeye alikuwa na bahati: barabara ilikuwa yake, sanamu ilikuwa yake, uhuru ulipofika barabara ikapewa Kenyatta, na sanamu ikapelekwa Soysambu, kwenye shamba la familia yake. Huyo alifurushwa kwa heshima, kama mgeni anayefungashiwa chakula cha njiani.

Hao ni wageni, tuliwaweza. Wa kwetu ndio hatujui tuwafanyeje. Katiba ileile ya 2010 ilisema pesa zetu zisiwe na sura ya mtu yeyote. Nikasema afadhali. Nina sarafu hii hapa, shilingi ya zamani, kichwa cha Moi kimelambwa na vidole vya watu hadi pua imebaki kidogo tu. Mwishoni mwa 2018 zikaja sarafu mpya: twiga kwenye shilingi, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Safi kabisa. Kisha 2019 zikaja noti, na kwenye noti kuna jumba la mikutano la KICC, na mbele ya KICC nani kaketi kwenye kiti chake? Mzee Kenyatta. Watu wakaenda mahakamani kubishania kama sanamu ya mtu ni mtu. Wanafunzi wangu waliniuliza. Nikawaambia, chunguzeni mfukoni mwenu, mkimkuta mleteni.

Na kama mna muda leo, vukeni mwende pale Central Park muuone mnara wa Nyayo wa 1988, wa ile miaka kumi ya kiatu changu. Mlima umechongwa, Mlima Kenya wenyewe, na kwenye kilele, pale ambapo wazee wa zamani walisema Mungu anakaa, umetoka mkono. Mkono wa mtu, umefumba ngumi, umeshika rungu. Nilimpeleka mpwa wangu mwaka fulani, alikuwa na miaka sita. Akautazama sana, akaniuliza, "Mjomba, huyo mtu amezama?"

Nilicheka hadi wapiga picha wa pale wakageuka. Lakini niwaambie, tangu siku ile siwezi kuuona vingine. Naona mtu amezikwa mlimani hadi kwenye kifundo cha mkono, bado anatuonya.

Sasa sikieni hii, na hii ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa leo. Mwaka 1989, ng'ambo tu ya barabara kutoka mnara huo, chama tawala, KANU, kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, la gazeti lake, na mbele yake sanamu kubwa ya Rais. Mama mmoja akakataa. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyekuwa na anwani. Bungeni akatukanwa. Shirika lake la kupanda miti, Green Belt, likafukuzwa kwenye ofisi za serikali. Na Rais mwenyewe, katika sherehe za Jamhuri, akasema kwamba mwanamke anayefuata desturi za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza. Jumba halikujengwa. Hata hapa tulipokaa, mwaka 1991 palitakiwa pawe maegesho ya magari ya ghorofa kadhaa, na Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akasimama, na Wangari akasimama naye. Mti huu unaonipa kivuli ninapowapotezea muda una deni kwao.

Basi ona kalenda yetu ilivyo na ulimi wa sumu. Siku ya Moi tukaipa jina la Utamaduni, ule utamaduni ambao kwa jina lake Wangari aliambiwa anyamaze. Halafu tukaipa jina la Mazingira, ile miti aliyokataa kuinyamazia. Kama kuna mtu aliyepanga hivyo makusudi huko ofisini, naomba anitafute nimnunulie chai na mahamri. Ila nadhani hakuna aliyepanga. Walikuwa wanatafuta jina lisilomkasirisha mtu.

Tena nimtendee haki marehemu. Wazee wa Machakos watawaambia kwamba Moi alikuwa akivua koti, anainama na kubeba mawe ya gabioni kuzuia mmomonyoko, na mawaziri wake wakalazimika kubeba na suti zao. Picha zipo. Kwa hiyo hata hilo jina jipya halijakaa upogo kabisa. Hii nchi hairuhusu mtu acheke hadi mwisho.

Leo nimekuja na kitu. Ndicho hiki nilichokifunga kwenye leso.

Baba yangu alikuwa na duka Kariobangi, tangu 1969. Mnakumbuka, duka bila picha ya Rais lilikuwa duka la kutafuta matata. Hii ndiyo fremu iliyoning'inia juu ya mizani. Baba alipofariki tukagawana vitu. Ndugu zangu walichukua mizani na friji, mimi nikaachiwa Rais. Mbele kama mnavyoona ni Kibaki, amefifia, ana chapa ya nzi kwenye paji. Mwaka jana kioo kikalegea, nikaing'oa misumari ya nyuma niitengeneze. Nyuma ya Kibaki nikamkuta Moi mwenye mvi. Nyuma ya Moi mwenye mvi, Moi kijana, wa 1978, nywele nyeusi ti. Nyuma yake, Mzee Kenyatta na mgwisho wake. Baba hakutupa hata mmoja. Nani angethubutu? Picha ya Rais ionekane kwenye pipa, kisha chifu aulize ilitoka duka gani? Na fremu mpya ilikuwa gharama. Akawa anaongeza tu mwingine juu, anapigilia misumari, anafungua duka.

Nyuma ya Kenyatta kulikuwa na kadibodi ya katoni ya sabuni, ya kuwaegemeza wote. Nikaigeuza. Imeandikwa kwa penseli, mwandiko wa baba: madeni ya 1971. Sukari robo. Mkate. Mafuta ya taa chupa moja. Wote wamekatwa kwa mstari, wamelipa, isipokuwa mmoja chini kabisa: "Msichana wa chumba 6, sabuni kipande, chumvi, kiberiti." Huyo hajakatwa.

Mimi nilizaliwa 1972. Na mama yangu, kabla hajaolewa, alipanga chumba nyuma ya lile duka.

Nikampelekea kadibodi. Sasa hivi macho yake ni dhaifu, akaisogeza dirishani, akaisoma polepole, akaniangalia juu ya miwani.

"Hilo nililipa kitambo," akasema. "Risiti si wewe?"

Haya, ipitisheni muione. Shikeni pembeni, kioo hakijakaza.